AC ya lori inapuliza joto? Usikimbilie kujaza gesi

AC ya lori ikigoma kwenye jua la Mtawanya, Kibiti, kabini hugeuka tanuri na dereva huchoka haraka. Wengi hukimbilia kujaza gesi. Subiri kwanza.

AC ya otomatiki hufuata sensa. Ile ya joto la nje hukaa mbele, karibu na bampa. Waya wake ukikatika, mfumo unaweza kudhani nje kuna baridi kali, hata nyuzi -40, ukazuia kompresa isiwake. Hapo gesi haisaidii kitu.

Anza hivi:

- Joto la nje kwenye dashibodi ni la kweli?
- Fyuzi ni nzima?
- Upepo hafifu? Safisha filta.

Gesi haipungui bila kuvuja. Fundi atafute tundu kwanza, la sivyo utalipa mara mbili.