Skrini Haitoshi Bila Karakana

Kijana wa Kongowea avukaye Daraja la Nyali kusomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilichofanywa chuo kikuu kamili mwaka 2013, huenda akaunda saketi kwenye kompyuta kabla hajagusa waya. Silipingi jambo hilo: kosa la kwenye skrini haliunguzi mota wala halimdhuru mtu.

Lakini skrini haina harufu ya waya unaoungua, wala nati iliyoshikwa na kutu ya chumvi ya bahari. Lugha yetu imekwisha kuamua: fundi, mwanafunzi na kufundisha ni maneno ya shina moja.

Walimu, tuanzie kwenye kompyuta, tumalizie karakanani. Ahitimuye bila kushika spana atajifunza kwa mali ya watu, na pengine kwa uhai wao.