Kabla ya Kununua Maikrofoni



Vijana wengi, wanakwaya na hata wazee wamekuwa wakifika kwetu na swali moja: "Nikitaka kurekodi nyimbo au mafundisho nyumbani kwangu, ninunue maikrofoni gani isiyo ya bei kubwa?" Karatasi hii inawajibu wote kwa pamoja. Wengine tunaiita mikro, wengine maiki, wengine kipaza sauti. Hapa tutasema maikrofoni, yaani kile kifaa kinachopokea sauti na kuipeleka kwenye simu, kompyuta au mikseri.

Tuanze na kosa letu wenyewe, ili wewe usilirudie.

Mwaka jana kikundi chetu cha vijana wanane kilichanga fedha kwa miezi minne. Wengine walifua nguo za watu, wengine walibeba mizigo sokoni, mmoja alikuwa akinyoa nywele. Tuliagiza kutoka mjini maikrofoni kubwa ya rangi ya dhahabu, yenye mkono wa chuma, kama zile tunazoziona kwenye video za wanamuziki. Ilipofika tuliichomeka kwenye simu, tukaimba, kisha tukasikiliza. Tulisikia mvumo, na sauti zetu kwa mbali sana, kama watu walio ndani ya kisima. Maikrofoni haikuwa mbovu. Ilihitaji umeme wa volti 48, na simu haina umeme huo. Kifaa cha kuutoa kinauzwa peke yake, na fedha zetu zilikuwa zimekwisha.

Kazi ya kwanza tuliyopanga ilikuwa kurekodi nyimbo za harusi za mama mmoja wa bloku yetu, alizojifunza kwao Fizi akiwa msichana. Kabla hatujapata fedha nyingine, jina lake lilitoka kwenye orodha ya safari. Akaondoka na watoto wake, na nyimbo zake akaondoka nazo. Siku hizi hutuimbia kidogo kwa simu, lakini mtandao hukatakata maneno.

Kwa hiyo usianze kuuliza, "Ipi ni nzuri?" Anza kuuliza: "Ipi itafanya kazi na kifaa nilicho nacho, katika nyumba ninayoishi?"

AINA TATU ZA MAIKROFONI

1. Maikrofoni ya dainamiki. Ndani yake kuna utando mwembamba ulioshikamana na waya uliozungushwa karibu na sumaku. Sauti ikigonga utando, waya hutikisika na kutoa umeme mdogo. Haihitaji betri wala umeme wa nje. Ni ngumu, huvumilia vumbi na hata kuanguka. Haisikii sana mambo ya mbali, hivyo lazima mwimbaji aikaribie. Ndiyo ile ya kushika mkononi unayoiona makanisani na kwenye mikutano. Shure SM58, iliyoanza kuuzwa mwaka 1966, ni ya aina hii, na mpaka leo bado inatengenezwa.

2. Maikrofoni ya kondensa. Hii ina vibamba viwili vyembamba sana vilivyo karibu, vyenye chaji ya umeme. Husikia vizuri hata sauti ndogo. Lakini kubwa nyingi za aina hii zinataka volti 48 kutoka kwenye mikseri au kwenye kisanduku cha kuunganisha na kompyuta. Pia husikia kila kitu: mtoto wa jirani, jogoo, jenereta, mabati yanayolia kwa jua. Ile yetu ya dhahabu ilikuwa ya aina hii.

3. Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo. Nayo ni kondensa, lakini ya namna inayoitwa elektreti, ambayo chaji yake hukaa ndani daima. Ilibuniwa mwaka 1962 na Gerhard Sessler na James West, Mmarekani mweusi, walipokuwa wakifanya kazi katika maabara za Bell nchini Marekani. Kwa sababu haihitaji umeme mwingi, simu inaweza kuiendesha. Maikrofoni iliyokuwa ndani ya simu nyingi za zamani nayo ilikuwa ya namna hiyo.

ANGALIA KICHOMEO KABLA YA KUANGALIA RANGI

Hapa ndipo wengi wetu tunapopotea. Shika kichomeo cha waya na uhesabu pete nyeusi (au za rangi nyingine) zilizo kwenye chuma chake.

- Pete tatu: kimetengenezwa kwa ajili ya simu yenye tundu la hedifoni.
- Pete mbili: ni cha kamera au kinasa sauti. Ukikichomeka kwenye simu, kwa kawaida simu haitaitambua maikrofoni, itaendelea kutumia ile ya ndani. Utadhani unarekodi kwa maikrofoni mpya, kumbe sivyo.
- Kichomeo kikubwa chenye pini tatu ndani ya duara: ni cha mikseri, au cha kisanduku cha kuunganisha na kompyuta. Hakiingii kwenye simu.
- Kichomeo cha USB: ni cha kompyuta. Simu nyingi hukubali pia ukitumia kiunganishi kidogo, lakini maikrofoni itakula betri ya simu yako.

Simu nyingi mpya hazina tundu la hedifoni, zina tundu la chaja tu. Nenda dukani na simu yako mwenyewe, usitegemee simu ya muuzaji.

NYUMBA ZETU SI STUDIO

Hapa Kakuma tunaishi katika nyumba za tofali za udongo na mabati. Mchana upepo huleta vumbi na mabati hugonga. Jirani yuko hatua chache tu. Maikrofoni inayosikia kila kitu italeta kila kitu ndani ya wimbo wako. Ndiyo maana kwa mwimbaji mmoja au msemaji, dainamiki ya bei ndogo mara nyingi hutoa kazi safi kuliko kondensa ya bei kubwa.

Fanya jaribio hili usiku wa leo. Simama katikati ya nyumba, piga kofi moja kwa nguvu. Ukisikia mlio unaorudi kama wa debe tupu, hiyo ndiyo sauti itakayoingia kwenye kila wimbo, hata ukinunua maikrofoni ya maelfu. Sasa tundika mablanketi mawili nyuma ya mahali pa kuimbia na moja pembeni, simamisha godoro ukutani, kisha piga kofi tena. Utasikia tofauti, na hujatumia hata shilingi moja. Chandarua hakisaidii kwa kazi hii, ni chepesi mno. Blanketi nzito ndiyo inayomeza sauti.

Saa nzuri za kurekodi ni usiku watu wakilala, au alfajiri kabla ya upepo. Mvua ikinyesha juu ya mabati, acha kazi.

UNUNUE IPI?

Kama una simu tu na fedha kidogo: nunua maikrofoni ya kubana kwenye nguo yenye waya. Boya BY-M1, kwa mfano, ina waya wa mita 6 na swichi moja: upande mmoja ni wa simu, upande mwingine ni wa kamera. Swichi ikikaa upande usiofaa, kazi itaharibika. Aina hii husikia pande zote. Inafaa sana kwa mzee anayesimulia au mwalimu anayefundisha. Kwa mwimbaji mmoja inatosha. Kwa kwaya ya watu ishirini haitoshi.

Kama una kompyuta na mnaweza kuchanga: tafuta dainamiki yenye kichomeo cha USB. Samson Q2U ni mfano mmoja. Ina USB na pia pini tatu, hivyo leo utaitumia na kompyuta, na kesho kanisa likipata mikseri bado itafaa.

Kama kanisa au kikundi chenu tayari kina mikseri: nunueni dainamiki ya kawaida ya pini tatu. Behringer XM8500 huko nje huuzwa kwa dola 20 hadi 30 hivi, na Shure SM58 kwa dola 100 hivi. Hapa bei hupanda kwa sababu ya usafiri. Ujue pia kwamba SM58 za bandia ni nyingi sana sokoni. Ukiambiwa SM58 mpya kwa robo ya bei, hiyo si SM58. Ya kweli ni nzito mkononi, karibu gramu 300. Afadhali maikrofoni rahisi yenye jina lake mwenyewe kuliko ya bandia yenye jina la kuazima.

Kondensa kubwa ya volti 48: msinunue mpaka muwe na mambo matatu kwa pamoja, yaani kifaa cha kutoa volti hizo, umeme usiokatika, na chumba chenye utulivu. Likikosekana moja, subirini.

Zile za karaoke zenye taa na spika ndani yake ni za kuchezea watoto na kuchangamsha sherehe. Si za kurekodi.

JARIBU KABLA YA KULIPA

1. Chomeka kwenye simu yako, rekodi dakika moja ukihesabu kwa sauti ya kawaida.
2. Kwaruza maikrofoni kidogo kwa kucha. Ukisikiliza na mkwaruzo hausikiki kwa nguvu, simu inatumia maikrofoni yake ya ndani.
3. Tikisa waya karibu na kichomeo wakati unarekodi. Ikikatika au kukoroma, usiichukue.
4. Sikiliza kwa hedifoni, si kwa spika ya simu.
5. Omba karatasi ya malipo, na mkubaliane mbele ya shahidi kama inaweza kurudishwa. Ukiagiza kutoka Lodwar, Kitale au Nairobi kwa mtu usiyemjua, usitume fedha zote kwanza.

BAADA YA KUNUNUA

Kaa karibu. Dainamiki iwe sentimita 5 hadi 10 kutoka mdomoni, ikielekea kidogo pembeni ili pumzi ya "p" na "b" isiipige. Soksi ndefu nyembamba iliyovutwa juu ya duara la waya na kuwekwa mbele ya maikrofoni huzuia pumzi hiyo vizuri.

Weka simu katika hali ya ndege ili isipigwe katikati ya wimbo, na ili mtandao usiingize mlio. Angalia mstari wa sauti: usiguse juu kabisa. Sauti ndogo fundi anaweza kuiongeza, lakini sauti iliyopasuka hairudi.

Ukimaliza, futa maikrofoni kwa kitambaa kikavu, ifunge ndani ya mfuko wa plastiki, uiweke mbali na vumbi na jua. Nakala ya kazi yako iweke mahali pawili, kwa mfano kwenye kadi ya simu yako na kwenye simu ya mwenzako. Simu huibwa, na kadi huharibika.

Jambo la mwisho. Kabla ya kumrekodi mtu, mwombe ruhusa na umweleze sauti yake itapelekwa wapi. Baadhi yetu tuna sababu za kutotaka kusikika mbali. Akikataa, heshimu.

Sisi hatukusubiri tena. Kwa maikrofoni ya kubana nguo na mablanketi matatu tumeanza kurekodi nyimbo za wazee waliobaki katika bloku yetu, na yule mama tutampelekea. Kama nyumbani kwako kuna bibi au babu anayejua wimbo ambao wewe huujui, anza wiki hii, hata kwa simu uliyo nayo. Maikrofoni inaweza kusubiri fedha. Wazee wetu hawatatusubiri siku zote.

Mwenye swali, au anayetaka kusaidiwa kupima maikrofoni kabla ya kuinunua, afike ofisi ya huduma za jamii na kuwauliza wahamasishaji. Msaada huu ni bure.