Anayejifunza Gari Aanze na Joto

Mtu anayejifunza gari huonyeshwa kwanza usukani, gia na breki. Ni sawa, kwa kuwa hivyo ndivyo vitakavyomfikisha salama. Lakini akitaka kuelewa gari linaendaje, aanze na joto. Injini hugeuza joto kuwa mwendo, na vifaa vingi vilivyo chini ya boneti vipo ili kulizalisha joto hilo, kulitumia au kuliondoa.

Kazi hufanyika ndani ya silinda, ambamo pistoni hupanda na kushuka. Ikishuka mara ya kwanza, huvuta hewa na petroli. Ikipanda, hubana mchanganyiko huo katika nafasi finyu. Plagi inapiga cheche, mchanganyiko unawaka, gesi inatanuka na kuisukuma pistoni chini kwa nguvu. Ikipanda tena, hufukuza moshi kwenda kwenye ekzosi. Katika safari hizo nne, ni ile ya tatu tu inayozaa nguvu. Mjerumani Nikolaus Otto alitengeneza injini ya namna hii mwaka 1876, na magari mengi ya petroli bado yanafuata hatua zilezile. Injini ya dizeli haihitaji cheche: hubana hewa peke yake mpaka ipate joto la kuyawasha mafuta yanapopulizwa ndani.

Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda huwaka mara 25 kwa sekunde. Kranki huugeuza mwendo wa kupanda na kushuka uwe wa kuzunguka, giaboksi ikaupeleka kwenye magurudumu kwa kasi au nguvu inayotakiwa.

Lakini sehemu kubwa ya joto hilo haifiki kwenye magurudumu. Katika injini ya kawaida ya petroli, zaidi ya nusu ya nishati ya mafuta hupotea kama joto. Jingine hutoka na moshi, jingine hubaki kwenye chuma, na lisipoondolewa chuma hicho hupinda.

Bertha Benz aliliona tatizo hili mapema. Mwaka 1888 aliendesha gari la mumewe, Karl, kutoka Mannheim hadi Pforzheim, safari ya kilomita 100 hivi, akiwa na wanawe wawili. Maji ya kupoza injini yalikuwa yakichemka na kuishia hewani, hivyo walilazimika kuyaongeza mara kwa mara njiani.

Siku hizi maji hayapotei. Pampu huyazungusha kwenye injini, kisha rejeta huyapoza kwa upepo na feni. Thamostati huyazuia kwanza mpaka injini ipate moto, maana injini baridi nayo hula mafuta na kuchakaa upesi. Mfuniko wa rejeta hushikilia presha ili maji yasichemke yanapofika nyuzi 100. Ndiyo maana kuufungua wakati injini ina moto ni hatari kubwa: presha ikitoka ghafla, maji huruka pamoja na mvuke na kumbabua mtu uso.

Mlima kama Kitonga, mkoani Iringa, hupima mfumo huu wote. Injini inatoa nguvu nyingi, gari linatambaa, upepo unaopita kwenye rejeta ni kidogo. Hapo rejeta iliyoziba kwa kutu hujulikana. Naamini desturi ya kujaza maji ya bomba mwaka mzima badala ya kulanti imeua injini nyingi kuliko ubovu wa barabara, kwa kuwa kulanti ina dawa ya kuzuia kutu.

Basi, msomaji, zoea kutazama geji ya joto kama unavyotazama ya mafuta. Mshale ukianza kupanda, zima kiyoyozi na uwashe hita, nayo itasaidia kuondoa joto. Ukifika kwenye nyekundu, egesha, zima injini, na usiguse mfuniko mpaka rejeta ipoe kabisa. Ukiendelea kuendesha gari lililochemsha, utaunguza gasketi, na hapo fundi atalazimika kuifungua injini.