Miadi Iliyohama Bila Kuaga

Ilikuwa saa kumi ya alfajiri, wakati ambapo hata majogoo wa kijiji chetu cha Kabungu hawajaafikiana kwamba kunakucha, simu ya mpwa wangu ilipolia juu ya kinu kilichopinduliwa kuwa meza, ikamulika ukuta wa udongo na kutangaza kwamba kikao cha idara kimewadia. Mpwa wangu ni mhadhiri msaidizi wa chuo kikuu kimoja ambacho kwa hadhari sitakitaja, naye alikuwa likizoni kumtazama mama yake. Alifumbua jicho moja, akasoma, akacheka. "Lala tu, mjomba," akasema, "ni kalenda mpya hiyo. Karani ameandika saa nne."

Kisa chake ni hiki. Chuo kilikuwa kikiwahamisha watumishi wake kutoka mfumo wa zamani wa barua pepe na kalenda kwenda katika mwingine, na karani, aliyelelewa kama sisi sote katika lugha ambayo saa za mchana huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, aliandika tarakimu 4 akikusudia saa nne ya asubuhi. Ilhali mtambo, uliofunzwa kuhesabu tangu saa sita ya usiku, ulifahamu saa kumi ya alfajiri. Mimi si miongoni mwa wanaosema kwamba karani alikosea. Watu walioanza siku yao magharibi, hata usiku wa Ijumaa ukawa ni ule unaotangulia Ijumaa yenyewe, walikuwa na hesabu iliyokamilika kabla mtambo wowote haujabuniwa, na lilikuwa jukumu la waliouleta mtambo kuuliza wenyeji wanahesabuje.

Lakini tuanze na barua, kwa kuwa ndiyo nyepesi. Zamani barua ya kuja huku kwetu Mpanda ilipanda gari moshi, ikashika tawi la reli litokalo Kaliua, ambalo lilijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya madini ya risasi, na mwisho wake ikalala katika sanduku la posta. Barua pepe nayo ina sanduku. Maneno yaliyo nyuma ya alama ya @, ambayo kwa vyuo vyetu huishia na ac.tz kama yale ya Serikali yanavyoishia na go.tz, ni jina la nyumba. Na katika daftari kuu la intaneti umo mstari mmoja unaoeleza mtambo upi unapokea mizigo ya nyumba hiyo. Kuhama, kwa asili yake, ni kuubadilisha mstari huo. Mwandikaji wa barua hajui lolote, maana anwani ni ile ile. Ila mitambo ya dunia ina desturi ya kuhifadhi nakala ya mstari huo kwa muda uliowekwa, na kwa hiyo fundi mwenye busara huupunguza muda huo siku kadhaa kabla, kisha huiacha nyumba ya zamani wazi, isije barua iliyochelewa ikakuta mlango umefungwa.

Na kwa nini vyuo vihame? Mwanzoni mwa miaka ya 1990, vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere na Dar es Salaam vilipelekeana barua kwa waya za simu kupitia mtandao ulioitwa ESANET, kompyuta moja ikiipigia nyingine, ikikabidhi mzigo na kukata. Baadaye vyuo vikafuga seva zao wenyewe, na seva ni kama mgonjwa wa chumba cha baridi: umeme ukikatika, nayo huzirai. Kwa hiyo Machi 2007, kampuni ya Google ilipotangaza kuvipa vyuo vya Kenya na Rwanda barua pepe na kalenda bila malipo, na Chuo Kikuu cha Nairobi chenye wanafunzi 50,000 kikawa cha kwanza kwa upande wa Kenya, takriban kila mtu alipokea kwa mikono miwili. Mwaka 2021 mwenye nyumba, yaani Google, akatangaza kwamba ghala lisilo na kikomo linakoma: tangu Julai 2022 kila chuo kipewe terabaiti 100 za kugawana, na ziada inunuliwe. Gawanya kwa watu 50,000, kila mmoja atapata gigabaiti mbili, ambazo mwalimu wa picha za maabara huzijaza kabla muhula haujesha. Kadhalika, kwetu Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeleta suala la taarifa za watu kuvuka mipaka ya nchi. Mpangaji anapoanza kuulizwa maswali, huanza kufunga virago.

Barua zenyewe hunakiliwa usiku, folda baada ya folda, na aghalabu hufika salama. Shida huwapata walio mbali. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichoasisiwa mwaka 1984 chenye makao Morogoro, ambacho si chuo cha mpwa wangu, kina kampasi katika mkoa wetu wa Katavi iliyopewa jina la Mizengo Pinda. Na kwa chuo chochote kilichotandazwa namna hiyo, simu ya mtumishi ikiingizwa katika mfumo mpya huweza kuanza kuvuta upya barua za nyuma, ikala bando la mwezi kwa asubuhi moja. Huo ndio msimu pia wa wezi, ambao hutuma barua zenye nembo ya chuo wakiomba nywila "ili kukamilisha uhamisho".

Kalenda ndiyo yenye inda. Barua ikipotea, mwenyewe huuliza. Miadi ikisogea, hakuna ajuaye kwamba imesogea mpaka ameketi peke yake ukumbini. Kila miadi ina mwaliki na walioalikwa, na mfumo mpya usipomtambua mwaliki, humfanya kila mwalikwa kuwa na nakala yake, yatima, isiyosikia tena mabadiliko. Mtu akizifuta nakala kwa nia njema ya kusafisha, taarifa za kutangua kikao huweza kuwarukia wote. Tena sisi tuko saa tatu mbele ya Greenwich: miadi ikinakiliwa bila kutajiwa majira, kikao cha saa nne ya asubuhi huibuka saa saba ya mchana, wajumbe wakiwa wameshakunywa chai na kutawanyika.

Asubuhi ile mpwa wangu alipanda kichuguu kilicho nyuma ya zizi, mahali pekee ambapo mtandao hutulia, akamwandikia karani kwa taadhima. Karani akajibu upesi, akaomba radhi, akasahihisha. Ila kikao kile ni cha kila Jumanne, na mfumo ulikuwa umemwuliza kama anasahihisha hiki kimoja au mfululizo wote, naye akachagua kimoja. Jumanne iliyofuata, saa kumi ya alfajiri, kinu kikalia tena. Safari hii dada yangu alikuwa ameshaamka, amebandika chai.