VPN Imeshika, Folda Haionekani

Kompyuta moja iko Mwanza nyumbani kwa wazazi, nyingine iko Dar es Salaam kwa mtoto wao. Zote mbili zimewekewa programu ya VPN iitwayo WireGuard, na dirisha la programu hiyo linaonyesha kwamba zimesalimiana sekunde chache zilizopita. Maana yake VPN imeshika. Lakini mtoto akifungua orodha ya kompyuta zilizo kwenye mtandao, ya Mwanza haimo. Anazima na kuwasha, anaifuta programu na kuiweka upya, bado haimo. Mwisho anakata shauri kwamba VPN haifanyi kazi, na picha za harusi zinaendelea kusafiri kwa flashi ndani ya basi.

VPN haina kosa hapo. Inazipa kompyuta hizo mbili anwani zinazofikiana na inasimba kila kinachopita kati yake ili mtu wa njiani asikisome, basi. Kushirikisha folda ni kazi ya mfumo mwingine kabisa. Kwenye Windows mfumo huo unaitwa SMB, nao umekuwepo tangu miaka ya 1980, wakati WireGuard iliingizwa rasmi kwenye kiini cha Linux mwaka 2020 tu. Ni mifumo miwili isiyojuana. Mmoja unaweza kuwa mzima na mwingine ukawa umelala, na fundi anayeichanganya atashinda siku nzima akitengeneza kisichoharibika.

Tuanze na ile orodha. Kompyuta zilizo ndani ya nyumba moja hutafutana kwa kupiga mbiu: moja inatangaza kwa zote, na kila iliyo karibu inaitikia. Ni kama mama anayewaita watoto uani. Anayesikia ni aliye ndani ya ua. WireGuard haibebi mbiu ya namna hiyo. Inabeba tu pakiti iliyoandikiwa anwani inayojulikana. Kwa hiyo kompyuta ya Mwanza haitatokea kwenye orodha hata ukisubiri mpaka kesho, na kutotokea kwake hakuonyeshi hitilafu yoyote. Iite kwa anwani yake. Kwenye upau wa juu wa dirisha la mafaili andika \\10.77.0.2\Picha, ambapo 10.77.0.2 ni anwani uliyoipa kompyuta hiyo ndani ya VPN na Picha ni jina la folda iliyoshirikishwa. Kwenye Mac au Linux andika smb://10.77.0.2/Picha. Mara nyingi shida huishia hapo hapo.

Kikitokea kisanduku kinachoomba jina na nywila, furahi, maana sasa unazungumza na kompyuta ya Mwanza yenyewe. Lakini hapo pia watu hukwama. Ile PIN ya tarakimu nne anayoingia nayo baba kila asubuhi haikubaliwi kupitia mtandao. Ni ya mashine hiyo peke yake. Akaunti isiyo na nywila nayo hukataliwa, kwa kuwa Windows imepangwa tangu mwanzo kuiruhusu akaunti ya aina hiyo mbele ya kioo tu. Njia nzuri ni kutengeneza kwenye kompyuta ya Mwanza mtumiaji mpya wa kazi hii pekee, umpe nywila ndefu, kisha umruhusu kuingia kwenye folda moja unayotaka. Ruhusa ziko sehemu mbili: kuna ya kushiriki kupitia mtandao na kuna ya folda yenyewe kwenye diski. Ile inayobana zaidi ndiyo inayoshinda. Mtu aliyepewa kila kitu upande mmoja na kusoma tu upande wa pili, atasoma tu.

Na kama hakuna kisanduku, dirisha linazunguka kisha linasema njia haikupatikana? Itazame faiwoli, ile programu inayoamua maombi gani kutoka nje yaingie kwenye kompyuta. Windows ikiona mtandao mpya isioutambua, huwa inauhesabu kuwa wa mahali pa umma, kama ule wa hotelini, na kuufungia milango ya kushirikisha mafaili. Hata ukiutangaza kuwa wa nyumbani, kanuni nyingi za faiwoli zinaruhusu tu kompyuta zilizo kwenye mtandao huo huo wa ndani, na ya Dar es Salaam inaweza kuonekana mgeni. Dawa ni kufungua mipangilio ya kina ya faiwoli kwenye kompyuta ya Mwanza, kutafuta kanuni ya SMB-In, na kuongeza kwenye orodha ya wanaoruhusiwa anwani za VPN yako, mathalani 10.77.0.0/24. Tafadhali usiizime faiwoli nzima. Ushauri wa kuizima umezagaa mno, na unaacha kompyuta ya mzee wazi kwa kila simu iliyounganishwa na wifi ya nyumba.

Jambo moja la kuzingatia wakati wa kupima: amri ya ping isipojibiwa, usihukumu haraka. Faiwoli hiyo hiyo inaweza kuikataa ping huku njia ikiwa safi kabisa. Ushahidi wa kuaminika ni ule mstari wa kusalimiana kwenye WireGuard. Kama saa yake ni ya muda mfupi uliopita, njia ipo, na kosa litafute upande wa SMB. Kama haujatokea kamwe, acha habari za folda, kwanza shughulikia VPN.

Na VPN kutoshika kuna sababu ambayo nyumba zetu zinaijua vizuri hata pale wenye nyumba wasipojua jina lake. Anwani za IP za aina ya zamani, IPv4, ni takribani bilioni 4.3 kwa dunia nzima. Ghala kuu la dunia lilimaliza kugawa mafungu yake Februari 2011, na AFRINIC, taasisi inayogawa anwani hizo barani Afrika, iliingia awamu ya pili ya kubana mgao Januari 2020. Kampuni ya simu yenye wateja mamilioni haiwezi kumpa kila mmoja anwani yake, kwa hiyo inawaweka wengi nyuma ya anwani moja. Kupakua kunakwenda, video zinakwenda, wala hugundui kitu. Lakini mtu wa nje akitaka kuianza safari ya kuja kwako, hakuna anwani ya kukufikia.

Kujipima ni rahisi. Fungua ukurasa wa ruta yako uangalie anwani iliyopewa na mtoa huduma, kisha uilinganishe na ile inayoonyeshwa na tovuti yoyote ya kukutajia IP yako. Zikitofautiana, uko nyuma ya anwani ya pamoja. Anwani zinazoanzia 100.64 hadi 100.127 zilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hasa, ingawa kampuni nyingine hutumia zinazoanza na 10.

Nyumba moja ikiwa na anwani yake halisi, inatosha. Hiyo ndiyo itakayosubiri, kwa kawaida kwenye poti ya UDP namba 51820, na ile iliyofichwa ndiyo itakayopiga hodi. Upande uliofichwa weka mstari wa PersistentKeepalive = 25, ili kila sekunde 25 itume pakiti ndogo ya kusema nipo; bila hivyo vifaa vya mtoa huduma husahau njia baada ya ukimya mfupi, na Dar es Salaam inashangaa kwa nini Mwanza inapatikana asubuhi na kupotea mchana. Nyumba zote mbili zikiwa zimefichwa, unahitaji mtu wa tatu: ama seva ndogo ya kukodi yenye anwani ya umma, ama huduma kama Tailscale au ZeroTier, ambazo husaidia kompyuta mbili kutafutana na kuungana moja kwa moja, na zikishindwa hupitisha data, ikiwa imesimbwa, kwenye seva zao. Kwa familia isiyo na fundi wa karibu mimi ningeanzia Tailscale. Ufunguo wa siri unabaki kwenye kompyuta yako, na hugusi ruta hata kidogo.

Wanaopenda kuunganisha mitandao mizima ya nyumba mbili, pamoja na printa na kamera, wawe macho na kitu kingine. Ruta nyingi za laini kutoka Huawei hutoka kiwandani zikiwa na anwani 192.168.8.1. Nyumba mbili zenye ruta za aina moja zitakuwa na anwani zile zile, na kompyuta ikiambiwa itafute 192.168.8.100 itaitafuta humo humo ndani, haitakumbuka kuwa kuna nyumba nyingine. Badilisha fungu la anwani la nyumba moja kabla ya kuanza. Kwa kompyuta mbili tu zinazotumia anwani za VPN, suala hili halikugusi.

Baada ya usumbufu wote huo huwa linakuja wazo la njia ya mkato: kwa nini nisifungue tu poti 445 ya SMB kwenye ruta, niingie moja kwa moja bila VPN? Nakusihi usifanye hivyo. Tarehe 12 Mei 2017 virusi vya WannaCry vilienea duniani kwa kupitia udhaifu wa toleo la zamani la SMB, vikafunga mafaili ya watu na kudai fidia; hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha huduma za wagonjwa. Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa kiraka tangu Machi mwaka huo, ila kompyuta nyingi hazikuwa zimewekewa. Poti 445 iliyo wazi kwenye intaneti hutafutwa na mashine usiku na mchana. Sababu ya kuweka VPN kati ya nyumba mbili ni hiyo hasa: SMB isionekane na yeyote asiye na ufunguo.

Nieleze pia kwamba VPN ninayoizungumzia siyo ile programu ya simuni ya kufungua tovuti zilizozuiwa. Ile inakupeleka kwenye seva ya kampuni fulani, na kwa kawaida wateja wawili wa huduma hiyo hawaonani kabisa, kwa hiyo kuinunua kwa ajili ya mafaili ni kupoteza pesa. Hata hivyo zote zinaitwa VPN. Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, iliwataka watu binafsi na kampuni zinazotumia VPN nchini Tanzania kujisajili, na tangazo hilo mwenye kuunganisha nyumba zake anapaswa kulijua.

Kuhusu kasi, kinachotawala ni kasi ya kupakia ya upande unaotuma, ambayo mara nyingi ni ndogo kuliko ile ya kupakua iliyoandikwa kwenye tangazo. Kwa megabiti 5 kwa sekunde, gigabaiti moja itachukua karibu dakika 27. Usifungue faili la hesabu za duka moja kwa moja kutoka Mwanza ukaanza kuandika humo. Mtandao ukikatika katikati ya kuhifadhi, faili linaweza kuharibika. Linakili kwanza. Kwa mafaili makubwa tumia amri ya Windows iitwayo robocopy yenye /Z, ambayo mtandao ukikatika inaweza kuendelea pale ilipoishia. Na kabla ya yote hakikisha kompyuta ya wazee haijawekwa ilale yenyewe baada ya nusu saa, maana iliyolala haijibu hodi.

Pale umeme au mtandao usipotabirika, mimi naona SMB si chombo sahihi, hata kama VPN yako ni imara. Programu ya Syncthing inafaa zaidi. Kila nyumba inakuwa na nakala yake kamili, unafanya kazi hata intaneti isipokuwepo, na kompyuta zikionana tena zinapeana mabadiliko. Inasimba yenyewe na kujitafutia njia hata nyuma ya anwani ya pamoja, hivyo VPN si lazima. Watu wawili wakibadilisha faili moja kwa wakati mmoja, haifuti ya yeyote: moja hubakia na jina lake, nyingine huongezewa maneno sync-conflict. Lakini ukifuta picha Dar es Salaam, na Mwanza inafutika. Kwa hiyo siku ile ile unapoiweka, fungua mipangilio ya folda kwenye kompyuta zote mbili uwashe utunzaji wa matoleo ya zamani, uchague yatunzwe kwa siku ngapi, kisha ufute picha moja isiyo na maana na kujaribu kuirudisha kabla hujaingiza albamu nzima.