Waraka ni Nusu ya Kuonana, Simu Je?

Wahenga walinena kwamba waraka ni nusu ya kuonana. Hawakuijua simu, na kwa hiyo hawakutwambia kuwa nayo ni sehemu ya ngapi. Swali hili limekuwa likinikera tangu likizo iliyopita, nilipokwenda kumwamkia shangazi yangu huko Siyu, katika kisiwa cha Pate, nikamkuta ameketi barazani na simu mkononi, akingoja ilie.

Mwanawe, ambaye ni binamu yangu, anatumikia kifungo katika gereza lililo mbali na Lamu. Sitalitaja, na kosa lake silitetei. Mahakama ilikwisha kuamua. Ninalotaka kulizungumzia ni adhabu anayoipata mama mtu, ambaye hakushtakiwa kwa lolote.

Msomaji asiyekijua kisiwa hiki na aipime safari hiyo. Mtu wa Siyu hushuka Mtangawanda, akapanda boti ya kwenda Lamu kupitia mlango wa Mkanda, ambao haupitiki ila maji yajaapo. Akivuka bara, husafiri kwa basi zaidi ya kilomita 300 hadi Mombasa, na huko alale kwa watu. Yote hayo ni kwa ajili ya mazungumzo ya muda mfupi. Shangazi yangu, ambaye riziki yake ni kuchoma mikate ya mofa, ameiweza safari hiyo mara moja tu.

Ndipo simu ilipoingia. Mwanzoni kijana alikuwa akipiga usiku, kwa simu ya magendo iliyofichwa gerezani. Mwenye simu alidai malipo yatumwe kwanza kwa nambari asiyoijua mama, na bei ya dakika tano ilimeza mauzo ya siku mbili. Dakika hizo hizo, lau zingepigwa kutoka Lamu mjini, zingegharimu shilingi chache mno. Tofauti ya bei hizo mbili si gharama ya mitambo. Ni gharama ya marufuku.

Nilimshauri binamu yangu aombe kupiga simu kwa njia halali. Akakubaliwa. Askari akaketi kando kusikiliza, kama ilivyo haki yake. Mama akamwambia mwanawe kwamba mato yake yako ndiani, akingoja siku atakayokuya. Askari akaingilia kati kwa ukali: "Zungumzeni Kiswahili! Hizi lugha za mafumbo haziruhusiwi." Simu ikakatwa.

Mimi ni mwalimu wa isimu, na naungama kuwa nilicheka kabla ya kuhuzunika. Mato ni macho, ndia ni njia, na kuya ni kuja. Hicho ndicho Kiswahili cha visiwa vya kaskazini, ambacho watunzi wa kale wa Pate walikitumia katika tenzi tunazowafundisha wanafunzi wetu vyuoni. Bibi kizee aliambiwa hasemi Kiswahili, ilhali alikuwa akisema lahaja ambayo imeipa lugha hii sehemu kubwa ya fasihi yake ya kale.

Hata hivyo, insafu inatutaka tuitazame pia hofu ya askari. Haikuzuka hivi hivi. Wanafunzi wanaijua hadithi ya Fumo Liyongo, aliyetiwa gerezani kwa amri ya mfalme wa Pate. Mjakazi Saada alipompelekea chakula, walinzi walikila kizuri na kumwachia makombo. Liyongo akamtungia Saada maneno ya kumpelekea mama yake, na walinzi hawakutambua maana yake. Mama akaoka mkate wa wishwa, akatia tupa ndani. Walinzi wakaudharau, ukamfikia mfungwa, naye akakata minyororo. Walinzi wa leo nao wana sababu zao. Ni Mkenya gani ambaye hajapigiwa au hajasikia habari za matapeli wanaowaibia watu kwa simu wakiwa ndani ya magereza?

Lakini tujiulize: je, marufuku imeziondoa simu hizo? Haikuziondoa. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa kutoka 1969 hadi 1972, aliyaandika mashairi ya Sauti ya Dhiki kwa siri juu ya karatasi za msalani. Ngũgĩ wa Thiong'o naye, alipokuwa kizuizini Kamiti mwaka 1978, aliandika riwaya nzima juu ya karatasi za namna hiyo hiyo. Binadamu akizibiwa mlango wa maneno hutoboa ukuta. Na ukuta ukitobolewa, anayenufaika ni yule anayetoza ushuru mlangoni pa tundu, naye anayelipa ni mama wa Siyu.

Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 51, inasema kwamba aliyefungwa hubaki na haki zake zote, isipokuwa zile ambazo ni dhahiri kuwa haziwezi kwenda pamoja na kufungwa kwake. Kanuni za Umoja wa Mataifa zilizopewa jina la Nelson Mandela mwaka 2015 zinaeleza bayana zaidi: mfungwa aruhusiwe, chini ya uangalizi unaohitajika, kuwasiliana na jamaa zake mara kwa mara, kwa barua na kwa simu pale ilipo, tena kadiri iwezekanavyo afungwe karibu na kwao. Yaani uangalizi na mawasiliano si maadui.

Wala tusidhani kuwa jambo hili ni la maskini wa Pate pekee. Huko Marekani, Martha Wright, bibi asiyeona na muuguzi mstaafu, alilemewa na gharama za kuzungumza na mjukuu wake aliyefungwa. Mwaka 2003 yeye na wenzake waliipelekea tume ya mawasiliano ya nchi ile ombi la kupunguza bei. Alifariki mwaka 2015. Sheria yenye jina lake, ya kutaka bei hizo ziwe za haki, ilitiwa saini Januari 2023. Jimbo la Connecticut lilikuwa limekwisha kupitisha sheria mwaka 2021 ya kufanya simu za wafungwa kuwa bure.

Kwetu sisi, yatosha tuanze na machache. Kila gereza liwe na simu halali, kwa bei ile ile anayolipa raia wa nje, kwa zamu inayojulikana, na anayesikiliza awe mtu anayezielewa lahaja. Jamaa nao wasitume pesa kwa nambari wasizozijua. Waulize gerezani utaratibu ulivyo. Wapatane siku na saa, waandike kabla ya simu yale ya lazima, na mengineyo wayatie katika barua. Nanyi walimu, mzazi akija na aibu kuomba aandikiwe barua ya kwenda gerezani, msimwangalie kwa jicho la hukumu. Mwandikieni, na andikeni kwa lahaja yake.

Neno gereza tulilipata kwa Wareno. Kwao lilimaanisha kanisa. Neno simu asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni waya. Maneno hubadilika maana kwa jinsi watu wanavyoyatumia, na vivyo hivyo mambo yenyewe. Ni juu yetu kuamua kama waya huu utakuwa kamba ya kumvuta mtu arudi kwao, au kitanzi cha kumkamua mama yake.

Nilipoondoka Siyu, shangazi alinipa mikate ya mofa nimpelekee mwanawe. Nilimweleza kuwa pengine haitapokewa. Akanijibu, "Basi mwambie kwa mdomo, mwanangu, kuwa niliichoma."