Mawe ya nyongo na tumbo linalosumbua

Ndugu wengi wanaishi miaka mingi na tumbo la gesi: leo kuharisha, kesho kufunga choo. Siku ekografia ikionyesha mawe kwenye mfuko wa nyongo, jamaa wanaanza kuchanga pesa ya operesheni. Ngojeni kidogo. Mawe mengi hukaa kimya bila kuumiza. Yakiuma, hushika chini ya mbavu za kuume kwa zaidi ya nusu saa, na kwenda choo hakupunguzi. Maumivu ya utumbo mara nyingi hubadilika baada ya choo. Mwulizeni munganga yenu ni yapi (kuuliza si kumdharau). Operesheni haiponyi utumbo, na wengine huharisha zaidi baadaye. Lakini homa au macho ya manjano yakifuatana na maumivu hayo, hospitali siku ile ile, hata mchango ukiwa haujatimia.